Ngata Juu ya Mawe ya Mwalo

Jumamosi iliyopita nilishuka tena ziwani. Sikuwa na mpango huo. Binamu zangu walikuwa wanakwenda kula samaki, wakaniambia mtu aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani akisubiri simu ya kazi huishia kuzeekea kwenye kochi, basi nikapanda pikipiki nikawafuata. Wanajua ninavyoogopa vitu. Mteremko wote nilimwambia dereva apunguze mwendo, naye mteremko wote alinijibu kwamba ameshapunguza.

Ziwa letu utakuwa unalijua, rafiki yangu, au unalijua jingine la namna yake. Liko bondeni, limezungukwa na mafunjo, na kwenye ramani ni kama doa la wino. Siku hizi limepata jina. Mwisho wa wiki watu wanatoka Kayanga, wanatoka Isingiro na Nyakasimbi, wengine wanapanda kutoka Bukoba na watoto wao. Kuna spika mbili zinazoshindana, kuna banda la viazi vya kukaanga, kuna vijana wanaokodisha ndoano na mitumbwi. Mitumbwi inapakia watu mpaka ukingo wake unakaribia kulingana na maji. Majaketi ya kuokolea maisha yapo pia. Yametundikwa msumarini ndani ya banda, na yamekauka vizuri sana.

Nikasimama kando nikafanya jambo ninalolifanya kila penye watu na maji: nikajaribu kuona nani anaingia na nani anatoka. Haikuwezekana. Nilimchagua mwanamume mwenye shati jekundu, akazama kwenye msongamano wa mabega, na muda mfupi baadaye yakatoka mashati mekundu matatu. Binamu yangu akaniuliza naangalia nini. Nikasema naangalia ziwa. Akaniambia ziwa haliendi popote, twende tukale.

Sikwenda, kwa sababu upepo uligeuka, ukaniletea harufu ya tope la mafunjo, lile tope jeusi ambalo likikauka mguuni hubana kama soksi. Na harufu ile haijawahi kuniacha mahali nilipo.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, upande wa Kimuli. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na shangazi, ambaye wakati huo alikuwa hajaolewa na alikuwa na nguvu za kubeba mkungu wa ndizi huku anaimba. Nyumba ilikuwa katikati ya migomba, hivyo mvua tuliisikia kwanza kwenye majani kabla haijafika kwenye bati. Wakati wa mavuno ya kahawa uani hapakuwa na pa kukanyaga. Mikeka ilitandazwa kutoka mlangoni mpaka jikoni, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza kahawa kwa viganja na kuwafukuza kuku. Hadi leo nikisikia harufu ya kahawa mbichi inayokaukia juani, ile harufu tamu yenye uchachu kidogo, viganja vinaniwasha.

Mpaka kati yetu na jirani ulikuwa mstari wa mimea tu, unauvuka bila kuinua mguu sana. Jirani huyu alikuwa mama mrefu mwenye sauti kubwa, mtu anayeanza kucheka kabla hajamaliza kusema kinachochekesha. Yeye na bibi walikuwa na desturi ambayo sikumbuki kuisikia ikielezwa, kwa sababu watu wote walikuwa nayo. Wingu likitanda, aliye nyumbani anaanua kahawa yake, kisha anavuka mpaka na kuanua ya mwenzake. Haulizi, hapigi hodi, wala hashukuriwi sana. Mara nyingi tulirudi kutoka kanisani tumelowa chapachapa, tukakuta kahawa yetu imekunjwa kwenye mikeka, imesogezwa barazani, na nyayo za jirani zikiwa bado kwenye tope. Bibi alikuwa na msemo wake: "Mvua haiulizi kahawa ni ya nani."

Ziwani napo palikuwa na desturi yake.

Zamani zile ziwa halikuwa wazi kila siku. Kijiji kililifunga wakati samaki wanapozaana, na siku ya kulifungua ilitangazwa baada ya ibada na sokoni. Wanaume walikwenda na mitumbwi na nyavu upande wenye kina. Wanawake walivua ukingoni, maji ya kiunoni, kwa matenga yasiyo na kitako. Unalishika tenga kwa mikono miwili, unalisimika matopeni mbele yako, kisha unaingiza mkono kwa juu na kupapasa. Mara nyingi hushiki kitu. Siku nyingine kuna kambale, na ukimshika kambale mkono mzima unajua kwamba umeshika kitu kisichotaka kushikwa. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuingia. Tulikaa kwenye kichuguu tukiwapokea samaki na kuwatunga kwenye mabua.

Kila aliyekuja kuvua alikuja na ngata yake, kwa kuwa tenga la samaki hubebwa kichwani. Ngata zilisukwa kwa majani makavu ya mgomba, na kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kukaza fundo. Ya shangazi ilizungushiwa kipande cha khanga yake ya zamani, cha rangi ya machungwa. Kabla ya kuingia majini, mtu aliiweka ngata yake juu ya mawe yaliyopangwa pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Akitoka, anaichukua. Hakuna anayeweza kuisahau, maana bila ngata atabeba nini? Hivyo mawe yale yalisema kila kitu. Ngata iliyobaki juu ya jiwe ni mtu aliyebaki majini.

Palikuwa na mzee wa mwalo, mtu mkavu mwenye filimbi shingoni. Jioni alipita kwenye mawe, na kama ngata moja tu ipo, hakupuliza. Alisimama akaita fundo: "Nyumba yenye fundo la mara mbili, mko wapi?" Watu walicheka, mwenye ngata akajibu kutoka majini kwamba bado anapigana na kambale. Mzee alipopuliza filimbi, maana yake ilikuwa moja: maji hayana mtu.

Ninaposimulia hivi inaonekana kama jambo la kawaida, nami kwa miaka mingi nililiona hivyo. Siku hizi, ninapokosa usingizi nikifikiria mambo yasiyo na haja ya kufikiriwa, nashangaa jinsi watu walivyoyaweka maisha yao juu ya jani kavu wakaingia majini wakiwa wametulia.

Mwaka ninaoukumbuka, habari za kufunguliwa kwa ziwa zilitembea mbali kuliko kawaida. Tulipofika mwaloni na shangazi, watu walikuwa wengi hata maji hayakuonekana. Walikuwa wametoka Isingiro, wametoka Nyakasimbi, wengine hatukujua watokako. Wageni wengi walikuwa na magunia na baiskeli, hawakuwa na ngata, na mzee wa mwalo alizunguka akiwaeleza mpaka sauti ikakauka. Bibi alikuwa amebaki nyumbani na goti lake linalouma. Jirani alikuwapo, aliingia karibu na shangazi, nikawasikia wakitaniana kwamba leo ukiingiza mkono kwenye tenga utashika mguu wa mtu.

Ilikuwa kweli. Matenga yaligongana, tope lilitibuliwa likawa uji. Shangazi hakupenda kusukumwa. Nilimwona akisogea kidogo kidogo, pembeni, mpaka akafika yanapoanza mafunjo, mahali ambapo siku nyingine hakuna anayekwenda kwa sababu chini yake si ardhi kamili, ni mizizi iliyosukana juu ya maji. Akanipungia mkono. Kisha bega la mtu likapita mbele yake, na nilipotazama tena sikumwona.

Jirani alijaza tenga lake mapema, akatoka. Wingu lilikuwa limeshaanza kusimama upande wa Rwanda. Alipopita kwenye mawe kuchukua ngata yake, aliiona ya kwetu ikiwa kando yake, akaitazama mvua inavyokuja, akafanya jambo alilolifanya maisha yake yote. Aliianua. Sisi watoto hatukumwona, tulikuwa tunagombania kambale aliyeruka kutoka kwenye bua. Akaiweka chini ya khanga yake isilowe, akachukua njia ya nyumbani, akitarajia kumpa shangazi ngata yake kwenye kibaraza cha njiani ambako kila mtu hujikinga mvua.

Mvua ilipofika haikuanza polepole. Watu walitoka majini kwa pamoja, wakikanyagana, kila mmoja akitafuta chake. Nilisimama kwenye mawe nikimngoja shangazi. Watu walipungua, kisha wakaisha. Mzee wa mwalo akapita, akayatazama mawe, akapuliza filimbi.

Nilimwambia kwamba shangazi bado hajatoka. Nakumbuka nilimwambia kwa adabu, nikaanza na shikamoo, kana kwamba hatukuwa tumeamkiana asubuhi. Hakunidharau. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniomba nimwonyeshe ngata ya shangazi iko wapi. Nikatazama. Mawe yalikuwa matupu, yanang'aa kwa mvua.

"Unaona," akasema. "Atakuwa ametangulia. Kimbia, utamkuta."

Wanawake wa kwetu wakanishika mkono, tukapanda mlima. Kwenye kibaraza cha njiani shangazi hakuwapo.

Nyumbani bibi alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Aliniuliza shangazi yuko wapi, nikasema wameniambia ametangulia. Akasema basi amejikinga mahali. Hakuacha kumenya. Nyuma ya nyumba majani ya migomba yalipigwa na mvua kama watu wanaopiga makofi, na ndani mwangu nilihisi kitu ambacho baadaye nilikuja kukizoea sana, lakini siku ile kilikuwa kigeni: kwamba kila mtu amepata jibu isipokuwa mimi.

Ndipo jirani akaingia, anachuruzika maji, akicheka kabla ya kusema. Alikuwa ameshatua mzigo wake kwake. Akaingiza mkono chini ya khanga, akaitoa ngata yenye kitambaa cha rangi ya machungwa. Ilikuwa kavu kabisa.

"Nimewaanulia ngata yenu, mama," akasema. "Nilimngoja binti kibarazani, nikaona nisichelewe. Ingelowa bure."

Bibi aliitazama ngata. Kisu kilikuwa bado ndani ya ganda la ndizi.

"Na mwenyewe?" akauliza.

Sijawahi kuona kicheko kikiondoka usoni kwa mtu kama kilivyoondoka usoni kwa yule mama. Aligeuka, akakimbia, na mara tukamsikia upande wa barabara akiwaita watu kwa sauti yake ile kubwa, akiwaita kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimemkimbia. Wanaume wakatoka na mapanga na kamba. Wakateremka bonde lote kwenye mvua, naye akiwa mbele yao.

Bibi na mimi tulibaki. Siku ile goti lake lisingefika hata barabarani, naye alijua. Basi akaendelea kumenya. Alimaliza ndizi za chakula chetu, akanituma nilete mkungu mwingine uliokuwa umeegeshwa ukutani, akaumenya wote. Nilimwambia, bibi, hizi ni ndizi za kulisha harusi. Akaniambia nizioshe. Akazipanga chunguni na maharage, akazifunika kwa majani ya mgomba, akachochea moto. Midomo yake ilikuwa inasogea, sikusikia anasema nini wala anamwambia nani, ingawa nilijua. Moshi ulijaa jikoni na hakuna aliyekohoa.

Walirudi jua likiwa limetoka tena kidogo, lile jua jembamba la baada ya mvua. Shangazi alikuwa katikati, ameegemea bega la jirani, mweusi kwa tope kutoka kifuani kwenda chini. Mguu wake ulikuwa umetumbukia kwenye mizizi ya mafunjo na kunaswa hapo. Kadiri alivyouvuta ndivyo ulivyobanwa. Aliita, lakini mvua juu ya mafunjo ina kelele kuliko soko. Maji yalikuwa yamempanda hadi kwapani. Waliokuwapo wanasema jirani ndiye aliyemsikia kwanza, ndiye aliyeingia kwanza, na ndiye aliyemshika asizame wakati wanaume wakikata mizizi.

Bibi alimtazama bintiye kutoka utosini mpaka miguuni. "Kaoge," akasema. "Chakula kiko tayari." Kisha akawageukia wote waliokuja, wakiwa wamelowa na mapanga yao mikononi, akawaambia wakae kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni. Ndizi zilitosha kila mtu. Jirani pekee hakukaa. Alisimama mlangoni, akasema ana kazi, akaondoka.

Shangazi alikuja kuisimulia siku ile mara nyingi, na watu walipomuuliza kama aliogopa, alijibu kwa upole vilevile kila mara.

"Mwanzoni sikuogopa," alisema. "Nilijua ngata yangu iko kwenye jiwe, wataiona. Nilianza kuogopa niliposikia filimbi."

Tangu nimekuwa mtu mzima sijasikia maneno yanayonikalia kifuani kama hayo. Watu huniambia nina wasiwasi kupita kiasi. Yawezekana. Ila najua kwamba kuna wakati maji yanakufika kifuani na bado umetulia, kwa sababu unaamini kuna mtu anayejua uliko, na kuna sauti moja inayoweza kukuambia kwamba hakuna.

Baada ya hapo jirani aliacha kuvuka mpaka. Hakuwa na kisirani. Alitusalimia, lakini kutoka kwake, na kicheko kikawa kidogo. Bibi alimtumia kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu humpa mgeni umpendaye. Akazipokea, akashukuru, hakuja. Wingu lilipotanda alisimama kwenye mstari wa mimea akaita, "Mama, nianue?" Kama hakuna aliyejibu, hakugusa. Mara moja kahawa yetu ya siku nyingi ililowa akiwa amesimama pale anaita, na sisi tuko kisimani. Tulimkuta analia.

Siku chache baadaye, mchana, wingu zito likapanda. Bibi alikuwa uani, kahawa imetandazwa yote. Nikaanza kukunja mkeka, akanizuia. Akachukua mkongojo wake, akanishika mkono, tukapita mbele ya nyumba ya jirani ili atuone vizuri, na bibi akasema kwa sauti kwamba anakwenda kumwona mgonjwa na atachelewa. Kisha tukaenda kujificha kwenye migomba yetu wenyewe, hatua chache tu, tukakaa juu ya majani makavu kama wezi. Matone ya kwanza yakaanguka. Nilitaka kuinuka, bibi akanikandamiza bega. Tukasikia jirani anaita mara moja, "Mama?" Kimya. Anaita tena. Kimya. Mvua ikakaza kwenye majani. Halafu tukasikia miguu yake inakimbia uani kwetu, na mikeka inaburutwa.

Bibi alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Tulirudi tumelowa, tukamkuta barazani anahema, amekaa juu ya kahawa yetu kama kuku juu ya mayai. Bibi akamwambia amechelewa, kahawa za pembeni zimelowa. Jirani akajibu kwamba mwenye haraka aanue mwenyewe. Yakaisha hapo.

Ya ziwani hayakurudi hivyo. Mzee wa mwalo aliweka sharti kwamba hakuna kumgusia mtu ngata yake hata ikinyesha moto, na kwa msimu mmoja au miwili watu walishika. Lakini wageni walizidi, nao hawakuwa na ngata. Zikaja ndoo zenye mikono, zikaja pikipiki, vijana wakaona aibu kubeba kichwani. Mawe yenyewe yalichukuliwa kujengea msingi wa banda. Bibi amelala kaburini, migombani, jirani pia, na watoto wake wamejenga ukuta wa matofali palipokuwa na mstari wa mimea. Ni ukuta mzuri, siwalaumu. Shangazi yuko kwa mumewe Muleba, na hajaingia tena kwenye maji yanayopita kifundo cha mguu.

Ninachokililia si ngata. Hata wakati ule ilishindwa, tena kwa mkono wa mtu aliyetupenda. Ninakililia kile kilichomfanya mzee akatae kupuliza filimbi, asimame na kuita, na yule mama akimbie kwenye mvua mbele ya wanaume wenye mapanga. Jumamosi nilitazama umati ule wote, furaha ile yote, nikawaza kwamba mmoja akibaki chini, spika zitaendelea mpaka giza, na atakayeuliza wa kwanza atakuwa mtu wa nyumbani kwake, wilaya nyingine, chakula kimepoa.

Kando yangu mama mmoja alikuwa anapandisha sketi na kuikaza kiunoni, ana wavu mdogo mkononi. Alikuwa peke yake. Nilifikiria nitamwambia nini, nikafikiria ataniona chizi, nikafikiria tena, na alipotia mguu majini nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba jina lako."

Akageuka. "Unatuandika? Ushuru nimelipa pale juu."

"Siandiki, mama. Nataka tu kujua utakapotoka."

Alinitazama muda, kama mtu anayepima kama nina akili timamu au nimetumwa. Kisha akanitajia jina lake, na la kijiji chake, huko Nyakasimbi. Akapiga hatua mbili majini, akasimama, akarudisha uso.

"Nikikawia, uite kwa nguvu," akasema. "Sikio hili la kushoto halisikii vizuri."

Binamu zangu waliniita bandani, samaki wanapoa. Niliwaambia wale tu. Nikabaki ukingoni, nalirudia jina lake kimoyomoyo nisije nikalisahau.